Naomba ushauri: masahihisho ya makala na mtoto mchanga

Habari zenu wanajamvi. Wahadhiri wenye watoto wadogo, naomba mnisaidie.

Mtoto ana miezi minane, mwenzangu anafanya kazi za zamu. Muhula huu nina kozi mbili na wanafunzi wanne wa uzamili. Kufundisha kunakwenda, kinachokwama ni utafiti. Makala imerudi kutoka kwa wahakiki na masahihisho makubwa, muda siku 60, na uchambuzi wa data unataka saa mbili tatu mfululizo. Vipande vya dakika 20 vinatosha kupanga marejeo na majedwali, basi. Ukirudi kwenye hesabu zenyewe, muda wote unaishia kukumbuka ulipofika.

Nimejaribu kuamka saa kumi alfajiri (mtoto naye huamka, sijui hunusa nini) na kusahihisha mitihani yote siku moja. Kilichosaidia kidogo ni kuandika juu ya faili hatua inayofuata kabla sijaifunga.

Je, nimwombe mhariri aongeze muda sasa hivi, au nisubiri tarehe ikaribie? Na waliowahi kuomba vipindi vyao vibanwe kwenye siku mbili, mlimwendea mkuu wa idara na hoja gani, na mapema kiasi gani kabla ratiba haijatoka?