Tupeane uzoefu: mashine ya kupanda ya kukatia nyasi kwenye uwanja mkubwa wa kijijini

Mwanzisha mada, Kentucky

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote, na wakubwa wangu shikamooni.

Miaka minne iliyopita tuliondoka kwenye nyumba ya kupanga mjini Louisville tukanunua nyumba kijijini. Eneo lote ni ekari tatu na ushee, na ukiondoa nyumba, banda na miti, zinabaki kama ekari mbili na nusu za nyasi. Mimi nimekulia Songea, ambako uwanja wa nyumbani ni udongo unaofagiliwa kila asubuhi, na majani ya mpakani tuliyafyeka kwa kwanja kabla jua halijachoma. Huku nyasi ndizo uwanja wenyewe, na kuanzia Aprili hadi Juni zinataka kukatwa kila wiki, wakati mwingine hata kabla wiki haijaisha.

Nilinunua mashine mpya ya kupanda, yaani ile unayoketi juu yake na kuiendesha ikikata nyasi, ya bei ya chini kuliko zote zilizokuwepo dukani, yenye deki (lile boksi la chini lenye visu) ya upana wa inchi 42. Nilisoma nguvu ya injini, nikaangalia bei, nikalipa. Mwaka wa kwanza ilinifaa sana. Mwaka wa pili, nikishakata kwa kama dakika arobaini na kufika kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba, injini ilikuwa inaunguruma vizuri na visu vinazunguka, lakini magurudumu yalikosa nguvu, mashine ikapanda kwa kujikokota na mwisho ikasimama. Nikiiacha ipoe kwa saa moja ilikwenda tena. Duka lililoniuzia halikuwa na karakana. Walinipa namba ya simu, na namba hiyo ikanielekeza kwa fundi aliye mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, ambaye foleni yake ilikuwa ya wiki tano katikati ya msimu. Wiki zote tano nilimlipa jirani anikatie.

Sasa nataka kununua nyingine na sitaki kurudia kosa. Naomba kila mwenye uwanja mkubwa aeleze mashine aliyoitumia yeye mwenyewe, ardhi yake ikoje, mashine ilimwangusha wapi, na siku ilipoharibika nani aliitengeneza. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi, kwa sababu ndilo ambalo sikuliuliza dukani.

Fundi wa injini ndogo, Ohio

Kaka, pole sana. Ninatengeneza injini ndogo kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na ugonjwa uliouelezea naupokea kila majira ya joto.

Tatizo lako si injini, ni giaboksi. Mashine nyingi za kupanda za siku hizi zina giaboksi ya haidrostati, ambayo haina gia za kubadilisha: pampu inasukuma oili kwa shinikizo, na oili hiyo ndiyo inayozungusha magurudumu. Oili ikipata moto kupita kiasi inakuwa nyepesi, shinikizo linashuka, na mashine inachoka kilimani wakati injini haina kasoro yoyote. Giaboksi za bei nafuu zimefungwa kabisa, hazina hata nati ya kumwagia oili, na zimetengenezwa kwa ajili ya ardhi tambarare. Kabla hujaitupa hiyo uliyonayo, safisha feni ndogo iliyo juu ya giaboksi, chini ya kiti. Mara nyingi naikuta imefunikwa na nyasi kavu zilizoshikana kama blanketi, na kuna wateja watatu ambao niliwaondolea blanketi hilo tu, mashine zao zikarudi kupanda kilima.

Kuhusu kununua, nguvu ya injini iliyoandikwa kwenye boneti ndiyo habari isiyokusaidia kuliko zote. Kohler, Kawasaki na Briggs & Stratton wote wanatengeneza injini nyepesi na injini nzito, na vipuri vya wote watatu vinapatikana kwa urahisi hapa Marekani. Yaliyo muhimu ni mambo mawili. La kwanza ni giaboksi: uliza kama oili yake na chujio lake vinabadilishwa. La pili ni deki. Iko deki ya bati moja lililokandamizwa kiwandani, na iko deki ya mabamba mazito yaliyochomelewa. Kwa nusu ekari ya nyasi safi hiyo ya kwanza inatosha. Kwa ekari mbili na nusu zenye mizizi na mawe, tafuta hiyo ya pili.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba rangi ileile na jina lilelile vinaweza kubeba mashine mbili tofauti kabisa. Kampuni nyingi zina safu nyepesi inayouzwa kwenye maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi, na safu nzito inayouzwa na wakala mwenye karakana. Wakala atakutoza zaidi siku ya kununua, lakini mkanda ukikatika mwezi wa Mei, yeye anao rafuni.

Ukienda kwenye mtumba, usiogope saa ambazo mashine imeshafanya kazi. Uwanja kama wako unahitaji kama saa mbili kila wiki kwa deki ya inchi 42, na kwa msimu mzima hazizidi saa sitini. Kwa hiyo mashine yenye saa 300 iliyobadilishiwa oili kila saa 50 bado ina maisha marefu, na mimi ningeichukua mbele ya mpya ya bei ya chini. Nikikagua, nainua deki na kushika ncha ya kisu kwa glavu, kisha nakitikisa juu na chini. Kikicheza, beringi za mhimili unaoshika na kuzungusha kisu zimekwisha. Baada ya hapo nafungua mfuniko wa juu wa injini. Mwaka jana mteja alileta mashine inayozimika kila baada ya dakika kumi, na nilipoondoa mfuniko huo nilikuta kiota cha panya kimebanwa kati ya mapezi ya silinda, kimefumwa kwa nyasi na vipande vya sponji ya kiti, upande mmoja umeshaungua na kuwa mweusi. Hewa ya kupoza injini ilikuwa haipiti kabisa. Sasa sinunui wala siuzi mashine iliyolala banda wakati wa baridi bila kuangalia hapo.

Mama wa Uvira, Iowa

Wapendwa, mimi ni Mkongo wa Uvira na uwanja wetu ni ekari moja na nusu, tambarare kabisa. Nilichagua mashine ya kupanda ya betri kwa sababu natoka kazini usiku na nakata nyasi asubuhi mapema, mtoto mdogo akiwa bado amelala.

Miaka mitatu sijabadilisha oili wala plagi, wala sijahangaika na kabureta. Kazi yangu ni kunoa visu na kusafisha chini ya deki. Lakini niseme ukweli wote. Mwezi wa Mei, nyasi zikiwa ndefu na zina umande, chaji inakwisha kabla sijamaliza sehemu ya nyuma, na inanibidi kuchaji upya na kumalizia jioni. Agosti, nyasi zikiwa fupi na kavu, namaliza uwanja wote na chaji inabaki. Anayetaka kununua ya betri asipime mahitaji yake kwa nyasi za Agosti. Betri za lithiamu pia hazichajiwi zikiwa kwenye baridi ya kuganda, hivyo wakati wa theluji zangu nazihifadhi ndani ya nyumba.

Mwalimu mstaafu, Uasin Gishu

Nimesoma kwa makini, na ingawa mimi niko Kenya naona jambo hili linatuhusu.

Shule niliyofundisha ina eneo la takriban ekari nne, pamoja na kiwanja cha mpira. Mfadhili mmoja alitupatia mashine ya kupanda kutoka ng'ambo, nasi tukaipokea kwa furaha kubwa, maana wanafunzi walikuwa wakifyeka kwa slasha kila Ijumaa. Hatukuitazama ardhi yetu kwanza. Pembeni mwa eneo letu kuna vichuguu vya mchwa vilivyofunikwa na nyasi za kikuyu, ambazo zinasokotana na kuwa nene kama godoro, na humo ndani kuna mawe usiyoyaona. Wiki ya tatu kisu kilipiga jiwe, mhimili ukapinda, na mashine ikaanza kutetemeka kiasi kwamba dereva hakuweza kushika usukani. Kipuri kilitufikia baada ya wiki sita.

Tulichofanya baadaye ndicho ninachowashauri wenye ardhi mbovu. Pembeni tunakodi trekta lenye slasha ya kufunga nyuma. Haikati vizuri na huacha majani marefu, lakini inastahimili vichuguu. Mashine ya kupanda inaingia kiwanjani peke yake, na kabla haijawashwa watu wanne wanatembea kwa mstari mmoja kutoka goli hadi goli wakiokota mawe na vipande vya chuma. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa karibu, kwa sababu jiwe likirushwa na kisu linaweza kuvunja mfupa. Tangu tuanze utaratibu huo hatujapinda mhimili mwingine.

Msimamizi wa nyumba ya wageni, Usa River

Mwalimu, shikamoo. Nasi hapa karibu na Arusha tuna mashine ya kupanda ya mtumba iliyotoka Uingereza, na naomba niongeze habari ya vipuri kwa walio nyumbani.

Mkanda wa deki ulipokatika, tulinunua mkanda wa kawaida wenye urefu na upana uleule, kama ule wa mashine ya kusaga. Ulidumu siku mbili, ukatoa moshi na kuchanika. Fundi wetu alitueleza kwamba mkanda wa deki umeimarishwa kwa nyuzi za aramidi, ambazo ni ngumu sana kukatika, ili uvumilie kuminywa na kuachiwa kila visu vinapowashwa na kuzimwa, na kupinda kinyumenyume kwenye puli za pembeni. Mkanda wa kusagia haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Tuliagiza mkanda halisi wa mashine yetu, miwili kwa pamoja, na huo wa pili umening'inia stoo hadi leo.

Beringi za mhimili, kwa upande mwingine, zilitushangaza. Tulidhani nazo zitaagizwa ng'ambo, lakini fundi alipozifuta grisi akasoma namba 6203 pembeni, na tukazipata siku ileile katika duka la kawaida la beringi mjini Arusha. Kabla ya kulipia mashine yoyote ya mtumba, naomba mwandike namba za mkanda, visu, beringi na chujio la hewa, mzunguke nazo madukani, na mjue ni kipi kipo karibu na ni kipi kitawasimamisha mwezi mzima.

Ndugu wa milimani, Tennessee

Mwanzisha mada ametaja mteremko nyuma ya nyumba, na hapo naomba anisikilize kama ndugu yake.

Nilinunua ziroteni, ile isiyo na usukani wa duara bali mikono miwili ya kusukuma na kuvuta. Kwenye tambarare sijaona inayoifikia: ya deki ya inchi 54 inamaliza kwa saa moja kazi ambayo mashine ya usukani yenye deki ya inchi 42 inaifanya kwa saa mbili, na inazunguka mti bila kuacha majani. Lakini magurudumu yake ya mbele ni ya kujizungukia tu, hayaongozi chochote. Kila kitu kinategemea magurudumu mawili ya nyuma, na hayo yakiteleza huna usukani wala breki. Asubuhi moja yenye umande nilikuwa nakata juu ya bwawa letu, gurudumu moja likateleza, mashine ikageuka yenyewe na kushuka. Ilisimama gurudumu la mbele likiwa majini. Mke wangu aliona yote akiwa barazani, na kwa wiki nzima hakutaka niiguse.

Vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi za kupanda vinaweka mwisho wa mteremko kuwa nyuzi 15, nami sasa napima kwa ubao wa mita moja na pima maji. Laza ubao, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, usawazishe, kisha upime nafasi iliyo chini ya ncha ya pili. Ikizidi sentimita 27, umepita nyuzi 15 na hapo usipande na mashine yoyote. Penye mteremko mdogo unaoruhusiwa, mashine ya usukani inapanda na kushuka moja kwa moja, haikati kiubavuubavu. Ukingo wa bwawa letu sasa tunaukata kwa mashine ya kufyekea ya kubeba begani, mara mbili tu kwa msimu.

Mwanzisha mada, Kentucky

Nawashukuru kwa moyo wote. Leo jioni nimepima kwa ubao kama ndugu wa Tennessee alivyoelekeza. Sehemu kubwa ya mteremko wangu ni sentimita 18 hadi 20, lakini karibu na uzio, kwa upana wa kama hatua kumi, nimepata 31. Miaka yote nimekuwa nikipita hapo na binti yangu akicheza upande wa chini. Sehemu hiyo sitaikata tena kwa mashine, nitapanda miti.

Nimesafisha pia feni ya giaboksi, na kweli ilikuwa imezibwa kabisa. Nitaijaribu kesho, ila kwa ekari hizi naona bado nahitaji mashine nzito zaidi. Wakala aliye dakika ishirini kutoka hapa ana mashine ya usukani ya mtumba, yenye saa 340, deki ya kuchomelewa ya inchi 48, na giaboksi ambayo oili yake inabadilishwa. Jumamosi nakwenda kuiona. Fundi, kuna la kuongeza?

Fundi wa injini ndogo, Ohio

Mpigie kabla hujaondoka nyumbani, umwombe asiiwashe hadi ufike. Ukifika, weka mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, imewashwa ili kuficha shida ya kuwaka, basi subiri ipoe hata kama ni saa mbili. Ikiwaka ikiwa baridi, angalia moshi wa kwanza: wa bluu unaoendelea maana yake inakula oili. Kisha uiendeshe kwa dakika arobaini na tano kamili, kilimani ukiruhusiwa, kwa sababu giaboksi ya kwanza ilikuangusha kwenye dakika ya arobaini.