London hadi Amsterdam: kilomita ngapi kwa ndege, na safari nzima inakula muda gani?

Wakuu, habari za jioni. Naishi Barking, mashariki mwa London. Jumamosi ijayo binti wa mjomba anaolewa Amsterdam, na mimi ndiye nampeleka mama, ambaye goti linamsumbua. Ramani inasema kilomita 360 hivi, lakini tiketi niliyoiona inaondoka Heathrow saa 3:00 asubuhi na kufika saa 5:20. Saa mbili na ushee kwa kipande hiki? Ukumbini tunatakiwa saa 9:00 alasiri. Tuende siku hiyohiyo? Ndege au treni? Visa za Schengen tunazo.

Mzee wa Kigamboni:
Hongereni kwa harusi. Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa moja mwaka mzima, na tiketi huandika saa za kila mji. Kwa hiyo hapo ni saa 1 na dakika 20. Nazo zinahesabiwa tangu ndege inapoondoka mlangoni hadi inaposimama kule. Angani mtakaa kama dakika 45. Ndege ya abiria hukimbia kilomita 800 kwa saa au zaidi ikishatulia juu, ila kwa masafa haya haipati nafasi ya kutulia. Ikimaliza kupanda inaanza kushuka.

Dada wa Rotterdam:
Hizo dakika 45 usizipigie hesabu, ndugu yangu. Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, kuna njia ya kutua inaitwa Polderbaan, iko mbali sana na jengo la abiria. Mkishukia huko, ndege inaweza kutembea ardhini robo saa nzima, tena inapita juu ya daraja huku magari ya barabara kuu yakipita chini yenu. Kisha foleni ya pasipoti. Baada ya hapo ni mteremko: stesheni iko chini ya uwanja wenyewe, na Amsterdam Centraal, stesheni kuu ya mjini, ni kama robo saa kwa treni.

Mama aombewe kiti cha magurudumu mapema, angalau saa 48 kabla. Ni haki yake na hakilipiwi.

Mtoto wa Reli:
Mbona treni mnaisahau? Eurostar ya moja kwa moja kutoka stesheni ya St Pancras ni kama saa 4, pasipoti zinakaguliwa hapohapo London, mkishuka mko katikati ya mji. Na toka Barking mnapanda treni ya mjini ya Hammersmith & City hadi King's Cross, palepale St Pancras, bila kubadilisha.

Mwenye uzi:
Asanteni sana. Tatizo mama akikaa saa 4 goti linakaza, kusimama inakuwa shughuli.

Mzee wa Kigamboni:
Basi achana na Heathrow, iko magharibi kabisa, mtavuka London nzima alfajiri na mgonjwa. Tafuta ndege ya kutoka London City. Kwa teksi ni karibu na kwenu, na kiwanja ni kidogo, hakuna kutembezana.

Dada wa Rotterdam:
Naunga mkono. Ila nendeni Ijumaa. Ukungu au upepo mkali ukiipiga Schiphol, ndege zinazotua hupunguzwa, na hizi safari fupi huwa hazikosi kuguswa. Mama yako hafai kusubiria taarifa uwanjani asubuhi ya siku yenyewe.

Mwenye uzi:
Nimeiona ya Ijumaa mchana kutoka London City. Nalipia sasa hivi, na kiti cha mama naomba leoleo.