Ini litoke kwa ndugu tu? Undugu ni kufaana, si kufanana

Jamani, naliweka mezani. Hapa Uganda sheria ya kutoa na kupandikiza viungo tunayo tangu 2023, na Desemba ya mwaka huohuo hospitali ya Mulago, Kampala, walipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Siku tukilifikia ini, mtoaji aliye hai awe ndugu wa damu peke yake? Wengi wanasema ndiyo, eti mwili haukatai nyama ya nyumbani.

Hoja hiyo ya mwili ndiyo inayonikera. Kwenye figo, kulinganisha tishu, yaani alama ambazo kinga ya mwili hutambulia kilicho chake na kigeni, kuna uzito. Ini ni kiungo kipole: kwa kawaida huangaliwa kundi la damu na ukubwa wa kipande, hawangoji tishu zioane. Kaka wa tumbo moja mwenye kundi B hamfai mgonjwa wa kundi A, ila kwa matibabu ya ziada yenye gharama. Jirani wa kundi O anamfaa. Tena tishu kufanana mno kuna hatari yake, japo ni nadra: chembe za kinga za mtoaji hupita bila kutambulika, zikaushambulia mwili wa mgonjwa. Na awe ndugu, asiwe ndugu, dawa ya kutuliza kinga, kama takrolimasi, ni ya maisha kwa karibu kila mgonjwa. Dawa ikikatika, hata ini la mama mzazi laweza kukataliwa.

*Muuguzi mstaafu, Arua:* Mwanangu, ya damu nimekubali. Lakini huyo "rafiki" ndiye mlango wa biashara. Sheria inakataza kuuza kiungo, sawa. Nani atajua kijana wa bodaboda amempenda tajiri tangu lini? Mtu mzima akimpa mtu mzima, mara nyingi hukatwa zaidi ya nusu ya ini. Linakua tena, ila wapo watoaji waliokufa. Ndugu ni uzio.

*Mleta mada:* Mama, hapo umenibana. Basi tuseme wazi uzio ni wa kuzuia biashara, tusisingizie kinga. Lakini wewe wa Arua unaijua homa ya ini B: mama humwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, watoto wa nyumba moja huambukizana. Mgonjwa aliyeharibiwa ini na kirusi hicho, ndugu zake wangapi watapimwa wakutwe salama? Na binti akishinikizwa na kikao cha ukoo atoe, hiyo tutaiita hiari? Mimi nataka kila mtoaji, ndugu au rafiki, ahojiwe peke yake, na anayemhoji asiwe daktari wa mgonjwa.

*Muuguzi mstaafu, Arua:* Ahojiwe kwa lugha yake, si kwa Kiingereza cha fomu. Hapo niko nawe.