Lancaster, B-17 au B-24: ungepangiwa safari, ungepanda ipi?

MzeeWaPropela
Wakuu, leo tuache ushabiki wa bendera. Ni 1943, Vita ya Pili ya Dunia, uko Uingereza, safari ni kwenda kupiga mabomu Ujerumani kwa moja ya ndege hizi: Lancaster ya Waingereza, au B-17 na B-24 za Wamarekani. Mimi Lancaster. Injini nne za Merlin, na tumbo la mabomu la karibu mita 10 lisilo na kizuizi. Ndiyo maana iliweza kubeba Tallboy, bomu la tani 5 na ushee lililoimaliza Tirpitz, meli ya kivita ya Wajerumani, kule Tromsø, Norway. B-17 hapo isogee pembeni.

KapteniMchovu
Tirpitz ni Novemba 1944 mkuu, usituchanganyie miaka 😀

Halafu umehesabu mabomu, watu hujahesabu. Lancaster ilibeba watu saba, na nyingi hazikuwa na bunduki ya kulinda chini. Wajerumani wakashtukia. Wakafunga mizinga inayoelekea juu kwenye ndege zao za usiku, wanakuja gizani kwa chini, wanalenga matangi ya mafuta ndani ya bawa. Hata risasi za mizinga hiyo hazikuwa na mwanga wa kuwafichua. Sasa ndege inawaka, unataka kutoka: kuna boriti ya bawa imekatiza katikati, uiruke na mavazi yote yale, na mlango wa dharura wa mbele ni mwembamba. Halifax mnayoidharau, ile ndege nyingine ya mabomu ya Waingereza, waliowahi kuruka wakapona walikuwa wengi zaidi.

Mama_Anga
Mimi B-17. Ilirudi nyumbani na matundu ambayo ndege nyingine isingeyavumilia. Ile ya toleo la G ina bunduki 13 za milimita 12.7. Shida ni kwamba safari za mbali ilibeba mabomu tani mbili hivi, tatu kwa shida, tena na watu kumi.

KapteniMchovu
Na hizo bunduki hazikutosha. Oktoba 14, 1943, zilitumwa B-17 291 kupiga mji wa Schweinfurt, Ujerumani, 60 hazikurudi. Siku moja tu! Nafuu ilikuja ndege za kivita za Mustang zilipoanza kuzisindikiza hadi ndani Ujerumani.

Tumbo_la_Liberator
Mbona B-24 mnaipita kama kituo cha daladala? Zilitengenezwa zaidi ya 18,000, na lile bawa refu jembamba ndilo lililoipeleka katikati ya Atlantiki kuwinda nyambizi, mahali ambapo ndege za pwani hazikufika. Ila nakiri, bawa hilohilo likipigwa vibaya linakatika. Na usukani wake mzito, rubani anashuka mikono imekufa ganzi.

MzeeWaPropela
Kapteni umenibana. Basi nipe hiyo Halifax.

KapteniMchovu
Ipi? Za mwanzo usukani wa mkia ulikuwa unakwama, ndege inaanza kuzunguka hadi chini. Walipobadilisha mapezi ya mkia ndipo ikatulia. Subiri Mk III, toleo la tatu, yenye injini za Hercules, inaingia kazini Novemba.

MzeeWaPropela
Na kabla ya Novemba?

KapteniMchovu
Ugua.