Malengo ya kusoma kwa kila mwanafunzi: gredi ya 2, ya 5 na ya 8 mnapangaje?

MwalimuUmoja
Hamjambo walimu. Shule iko huku Eastlands, na muhula huu nimekabidhiwa usomaji kuanzia gredi ya 1 hadi ya 9. Agizo lililopo ni vitabu 20 kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Matokeo mnaweza kuyakisia: wa gredi ya 8 anakimbilia vijitabu vya picha vya kurasa 16, wa gredi ya 2 anaorodhesha vitabu ambavyo hajavifungua. Nataka kila mtoto awe na lengo lake mwenyewe, ila darasa moja lina watoto 48. Nianzie wapi?

Mkutubi_Buru
Kabla ya lengo kuna kipimo, mwalimu. Tafuta kifungu cha maneno 100 hivi cha kiwango cha gredi yake, ambacho hajawahi kukiona. Asome kwa sauti dakika moja huku ukifuata kwenye nakala yako na kutia alama penye kosa. Akifika neno la 52 na makosa 6, kasi yake ni 46. Halafu mwache amalize kifungu, umwulize maswali matano: matatu ambayo majibu yake yameandikwa waziwazi, mawili ya kufikiria.

Wengi hukosea kwenye kuhesabu makosa. Kosa ni neno lililorukwa, lililobadilishwa, au ambalo mtoto amekwama nalo sekunde 3 ukamsomea. Akijisahihisha mwenyewe si kosa, akirudia si kosa. Lafudhi nayo iache kabisa. Anayesema "lafiki" au "ndada" amesoma neno sawasawa, na Nairobi hii ukianza kuadhibu lafudhi utajaza makosa kwa watoto wanaosoma vizuri tu. Simu inayohesabu dakika ilaze kifudifudi, la sivyo mtoto atakimbizana nayo.

Kuchagua kitabu: kwa kila maneno 100, makosa 5 au pungufu, atakimudu peke yake. Kati ya 6 na 10, asome na mtu kando yake. Zaidi ya 10, kingojee.

Kigezo cha kulinganishia kipo. Tusome, mpango wa kitaifa ulioingia shuleni mwaka 2015, ulimhesabu mtoto wa darasa la 2 kuwa msomaji fasaha kwa maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili na 65 katika Kiingereza. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hivyo usiweke alama za lugha mbili kwenye mstari mmoja ukadhani mtoto ni dhaifu katika Kiswahili.

Kuhusu wingi wa watoto: pima 6 kwa siku wakati wengine wanasoma kimya, kila mmoja dakika 3 au 4. Hao 48 watakwisha kwa siku 8 za shule.

Tr_Gredi2
Nakubaliana na Mkutubi, lakini kwa gredi ya 1 hadi ya 3 kasi isiwe ndiyo lengo analoambiwa mtoto. Kasi ni ya daftari la mwalimu. Mtoto mpe jambo analoweza kulifanya leo jioni: "Nitamsomea mtu wa nyumbani ukurasa mmoja kwa sauti, siku 4 kwa wiki." Mtu huyo si lazima ajue kusoma, mradi asikilize. Wewe upande wako tarajia nyongeza ya neno moja au mawili kwa wiki. Ukitaka kasi iongezeke maradufu ndani ya mwezi utapata mtoto anayekariri.

Mtu akikwama, angalia anakwama wapi. Mara nyingi ni silabi zenye konsonanti zilizoshikana: mbw, nyw, shw, na ng' dhidi ya ng. Basi lengo la wiki mbili ni silabi hizo tu, maneno 10 kwenye vipande vya manila, kisha kifungu kifupi chenye maneno hayo hayo.

Na jihadhari na mtego huu. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, hivyo mtoto anaweza kutiririka ukurasa mzima bila kuambulia kitu. Aliyesoma maneno 60 na kujibu swali moja kati ya matano hahitaji kasi. Lengo lake liwe kusimulia upya: nani, wapi, kulitokea nini, kwa nini.

Vitabu vikiwa haba, tovuti ya African Storybook ina hadithi za Kiswahili za bure zilizopangwa kwa viwango. Chapisha, kunja, pigilia stepo.

MwalimuUmoja
Asanteni sana. Wa gredi ya 5 na ya 8 je? Na nina wa gredi ya 7 anayesoma kama wa gredi ya 2. Pia naulizwa kuhusu chati ya ukutani yenye nyota.

Mwl_JSS_Kiswahili
Gredi ya 4 hadi ya 6, hesabu dakika. Dakika 20, siku 5, na mwishoni sentensi moja daftarini: jambo jipya, au neno asilolijua pamoja na ukurasa lilipo. Kwa nini dakika? Kwa sababu ukihesabu vitabu atachagua vyembamba, ukihesabu kurasa atachagua vyenye picha kubwa. Andikeni pia saa na mahali. Mtoto anayeishi chumba kimoja chenye televisheni na wadogo zake wawili hatasoma saa mbili usiku hata akiapa. Mpe dakika hizo kabla ya gwaride, au chakula cha mchana kikiisha. Jumamosi kuna maktaba za umma. Upande wenu wa Eastlands ziko Buruburu, Kaloleni na Makadara.

Gredi ya 7 hadi ya 9, saa ya kuhesabu dakika iweke kabatini. Huyu anapanga mwenyewe, wewe unauliza maswali. Lengo zuri la wiki 4: riwaya fupi moja ya kujichagulia, sura mbili kwa wiki, pamoja na makala mawili ya gazeti au ya sayansi. Hayo makala usiyaache. Wengi wanaomudu hadithi hulemewa na maandishi ya maelezo, na mtihani wa KJSEA mwisho wa gredi ya 9 umejaa maandishi ya aina hiyo katika kila somo. Akiacha kitabu baada ya kurasa 30, mruhusu, ila aandike sababu mbili.

Huyo wa gredi ya 7 usimpe kitabu chenye picha ya bata mbele ya wenzake. Tafuta maandishi mepesi yenye mambo ya rika lake: taarifa fupi za michezo, maelekezo ya kutengeneza kitu. Au mpe kazi ya kumsomea mtoto wa gredi ya 2 mara mbili kwa wiki; atafanya mazoezi ya kitabu rahisi bila aibu, maana ana sababu ya kukishika. Mpime kwa kifungu cha gredi ya 2 au ya 3. Cha gredi ya 7 hakitakuonyesha anachokijua. Angalia pia kama anaruka mistari au anasogeza kitabu karibu na uso: huyo aanzie kwa daktari wa macho. Macho yakiwa sawa na wiki 8 zipite bila mabadiliko, zungumza na mzazi mumpeleke kituo cha EARC, kile cha serikali kinachopima watoto wenye shida za kujifunza, akafanyiwe tathmini.

Tr_Gredi2
Chati ya nyota, mimi nasema hapana. Walio chini wanasomwa na darasa zima. Kadi ya kila mtoto ibaki ndani ya daftari lake, nusu karatasi inatosha: lengo, siku, sahihi ya msikilizaji.

Mkutubi_Buru
Na tarehe ya kuonana, hiyo husahaulika sana. Kila wiki 3, dakika 2 kwa mtoto. Akitimiza, ongeza kitu kimoja tu, ama muda ama ugumu. Asipotimiza mara mbili mfululizo, punguza lengo nusu kabla hujamlaumu. Ukirudia kipimo tumia kifungu kingine cha ugumu ule ule. Cha kwanza tayari wanakijua kwa moyo, na wa dawati la nyuma wameshakisikia mara 47.