Mafundi mnaokimbilia kufomati seva kila apgredi ikikwama, mnatuumiza sana

Wakuu habari za muda huu. Nina hasira na naandika nikiwa nazo hivyo hivyo.

Hivi nani aliwafundisha mafundi wetu kwamba apgredi ya seva ikikwama katikati dawa yake ni kufomati? Maana hapa Tanga ndio jibu utakalopewa kila unakogonga, Ngamiani, Chumbageni, nenda mpaka Pongwe, ukiita fundi kutoka Dar ndio kabisa. Mtu hajasoma hata mstari mmoja wa kosa lililoandikwa kwenye skrini, ashasema "hii hapa ni kupiga upya tu." Mmezoea kupiga Windows kwenye laptop za wanachuo mnakuja na mkono ule ule kwenye seva yenye madeni ya watu.

Nafanya kazi duka la jumla la vifaa vya ujenzi, matawi tunayo Muheza na Korogwe, mauzo yote yanaingia kwenye seva moja ya Ubuntu 20.04 (mfumo endeshi wa aina ya Linux) yenye Apache ya kurusha kurasa, PHP iliyoandikiwa mfumo wa mauzo na MySQL ya kutunza data, kitu cha kawaida kabisa. Hiyo 20.04 ilitoka Aprili 2020 na msaada wake wa kawaida wa miaka 5 uliisha Mei 2025, kwa hiyo kuhamia 22.04 ilikuwa lazima, hapo sina ugomvi na mtu. Bosi akaita kampuni moja ya huko Dar, jina naliacha, wakamtuma kijana wao. Kijana kakaa na seva mchana kutwa, mauzo yamesimama, akina dada wa kaunta wanaandika kwenye daftari, mafundi ujenzi wamejaa nje wanasubiri mabati yao, jioni anamwambia bosi seva imekufa, hapa ni kufomati na kuweka mfumo wote upya na hiyo ni kazi nyingine ina bei yake. Kuulizwa data je, anajibu "tutajaribu kuokoa." Utajaribu? Humo ndani kuna kila mteja anayedaiwa, kuna watu wamekopa saruji wanalipa kidogo kidogo, na bakapu hakuchukua kabla hajagusa kitu. Halafu akapanda basi akaondoka.

Sasa nawaambia seva ilikuwa na nini.

Kila ambacho dpkg, kile chombo cha Ubuntu cha kufungua na kuweka pakeji (programu moja moja), inaandika kwenye skrini wakati wa apgredi kinabaki kwenye /var/log/apt/term.log. Kila kitu. Nikaifungua, nikashuka mpaka mwisho, kosa limekaa hapo halijajificha:

zstd: error 25 : Write error : No space left on device

Na chini yake dpkg inalalamika kwamba imeshindwa kumalizia initramfs-tools, ile pakeji inayotengeneza initrd, faili linaloisaidia keneli (moyo wa mfumo) kuiona diski wakati wa kuwaka. Basi. Nafasi imeisha. Nikapiga df -h, amri ya kuonyesha nafasi iliyobaki, diski kubwa ina nafasi tele, ila /boot iko asilimia 100. Hiyo /boot kwenye seva nyingi ni kipande kidogo kilichotengwa peke yake, na kila keneli mpya ikiingia inaacha humo faili lake na initrd yake, na ile initrd ndio nzito. Keneli za zamani za 5.4 zilikuwa zimerundikana humo bila mtu kuzitoa, 22.04 ikaja na 5.15 yake, ikakosa pa kukaa. Pakeji moja imekosa nafasi ya kuandika faili moja, mtu anataka kufuta seva nzima! Ni fundi nyumba anayetaka kubomoa ukuta kwa sababu bawaba ya mlango imekatika.

Na kinachoniuma zaidi, hili lilikuwa linazuilika kabla hajaanza. Nikafungua history.log, iko folda hilo hilo, ule mstari wa Commandline unaonyesha amri aliyopiga: apt full-upgrade -y (apt ndio inayoleta pakeji na kuikabidhi dpkg). Kwenye sources.list, orodha ya mahali pa kuchukulia pakeji, kabadilisha focal (jina la 20.04) kuwa jammy (jina la 22.04) kwa mkono halafu akasukuma. Ubuntu wana do-release-upgrade, imetengenezwa kwa kazi hii hii, inapima nafasi ya /boot kabla ya kugusa pakeji yoyote, ikiona haitoshi inagoma na inakwambia utoe nafasi kiasi gani. Inazima repo (maghala ya pakeji) za watu wa pembeni zisilete ugomvi wa matoleo. Ukiwa umeingia kutoka mbali kwa SSH inakufungulia mlango wa akiba kwenye poti 1022, na yenyewe inakimbia ndani ya screen, yaani intaneti ikikatika kazi inaendelea na unaweza kuirudia. Vyote hivyo kaviruka, akaweka na -y juu ili asiulizwe maswali. Anaogopa maswali kwenye seva ya mtu!

Halafu ilipogoma akafanya lile linalonichemsha damu kuliko yote, kafuta loki, yale mafaili ya kufuli ya dpkg. Historia ya amri zake kaiacha, rm /var/lib/dpkg/lock-frontend, rm /var/lib/dpkg/lock. Huu ushauri umezagaa kila kona na kila anayeupata anaurithisha kwa mwenzake, jamani acheni. Loki ipo kwa sababu kuna mchakato mwingine unaandika kwenye hifadhi ya dpkg muda huo, na kwenye Ubuntu ya sasa ujumbe unakutajia kabisa namba ya mchakato na jina lake. Mara nyingi utaona unattended-upgr, ile huduma ya kujiapdeti yenyewe. Na angalieni hili, ratiba yake ya kawaida inaanza saa 06:00 ya seva na inaweza kuchelewa mpaka saa nzima, na seva nyingi zimeachwa kwenye UTC (saa ya dunia), 06:00 ya UTC kwetu ni saa tatu asubuhi, muda ule ule fundi anapofika ofisini anafungua laptop. Anakuta loki, anaifuta, sasa ni wawili wanaandika /var/lib/dpkg/status kwa wakati mmoja. Subiri imalize! Nusu saa ya kusubiri inakushinda nini wakati siku nzima ya mauzo ya mtu umeipoteza? Na kama status imeshaharibika bado si mwisho, nakala zake za siku zilizopita ziko /var/backups, dpkg.status.0 na wenzake, seva inajiwekea yenyewe.

Watu hawaelewi dpkg inavyofanya kazi, shida inaanzia hapo. Kufungua pakeji na kuimalizia ni hatua mbili tofauti na inakumbuka kila pakeji imefika hatua ipi. Ukipiga dpkg -l unaona pembeni, ii ni nzima, iU imefunguliwa ila haijamaliziwa, iF imekwamia kwenye kumalizia. Maana yake ukiondoa kilichoikwamisha inaendelea pale ilipoishia. Imetengenezwa hivyo makusudi kwa ajili ya siku umeme ukikatika katikati, na sisi wa huku umeme tunaujua.

Nilivyoitoa ndio hivi, na nitaeleza taratibu kwa sababu kuna mtu atalihitaji kesho.

Kwanza sikuizima. Hili ni kubwa kuliko yote. Keneli mpya bila initrd yake ukiwasha upya unakutana na kernel panic, haioni diski, na yule kijana alikuwa anamhimiza bosi "tuiwashe upya tuone." Kama yako imeshazimwa hivyo, kwenye GRUB, ile menyu ya kuwashia, ingia Advanced options uchague keneli ya zamani, kwa kawaida itawaka. MySQL ilikuwa imesimama katikati ya apgredi kwa hiyo nikakopi folda lote la /var/lib/mysql kwenye diski ya nje, na /etc yote pamoja nayo. Hapo roho ikatulia.

Halafu uname -r, kujua keneli inayotumika sasa hivi, hiyo haiguswi. Za zamani kuliko hiyo ndio za kuondoa, lakini apt ikiwa imevunjika inakataa hata autoremove, inakwambia rekebisha kwanza, na kurekebisha inataka nafasi, na nafasi ndio hiyo hakuna. Hapo ndipo mafundi wanapokata tamaa. Hamisha tu initrd za keneli za zamani kutoka /boot uziweke /root kwa muda, hamisha, usifute. Nafasi ikapatikana, nikapiga dpkg --configure -a, ikaanza kutiririka, pakeji moja baada ya nyingine zinamaliziwa, mpaka akina dada wa kaunta wakaja kuchungulia. Ikafuata apt --fix-broken install, kisha full-upgrade tena kuokota zilizobaki, kisha nikaziondoa zile keneli za zamani kwa apt yenyewe kama inavyotakiwa, nikaacha inayotumika na moja ya akiba. update-grub. Nikahakikisha initrd ya 5.15 ipo na ina ukubwa wa kueleweka. Ndipo nikawasha upya. Ikawaka.

Hicho ndicho kilichoitwa seva iliyokufa.

Ila haikuishia hapo kwa sababu hakuna aliyefikiria PHP. 20.04 ina PHP 7.4, 22.04 inakuja na 8.1, na mfumo wetu uliandikwa siku nyingi. Brauza ikawa inaonyesha kodi tupu (maandishi ya programu yenyewe) badala ya ukurasa, moduli ya 7.4 imeondoka na ya 8.1 haijawashwa, a2enmod php8.1 ikamaliza hilo. Kisha zikaja kurasa nyeupe kwenye ripoti, ndani humo wametumia each() ambayo kwenye PHP 8.0 iliondolewa kabisa. Hivi ni vitu vya kujaribu pembeni kwenye mashine nyingine kabla, hata kompyuta ya zamani inatosha, huji kuvigundua watu wamepanga foleni. Na mngejua kilichofuata. Karatasi ya kutolea mzigo stoo ikawa inatoka na saa 06:04 wakati ni saa tatu asubuhi na jua limeshawaka, mlinzi wa stoo akagoma kutoa mzigo, anasema karatasi imetengenezwa kabla duka halijafunguliwa, na yuko sahihi kabisa, kazi yake ndio hiyo. Chanzo? PHP mpya inakuja na php.ini yake mpya, ule mstari wa Africa/Dar_es_Salaam umebaki kwenye folda la 7.4, huku 8.1 inahesabu kwa UTC, masaa matatu nyuma yetu. Kurekebisha ni mstari mmoja. Kama seva ingefomatiwa nani angekumbuka ulikuwepo?

Na msidhani ni sisi tu. Kuna ofisi moja Makorora waliambiwa hivyo hivyo, apdeti zinagoma zote, fomati. Nikaitwa kuangalia, apt inaandika kwamba Release file is not valid yet. Nikapiga timedatectl, seva iko miaka ya nyuma huko. Betri ndogo ya kwenye mazabodi imekufa, ile CR2032, umeme ukikatika saa inarudi mwanzo, na apt ikiona orodha ya pakeji ina tarehe ya "kesho" inaikataa, inavyotakiwa. Betri ya bei ya chakula cha mchana. Walikuwa wameshaandikiwa bei ya seva mpya.

Kwa hiyo mafundi, na nyie wenye makampuni mnaowatuma hawa vijana, nasema wazi. Kuchukua bakapu kabla ni sehemu ya kazi, msiitoze kama nyongeza. df -h na df -i (hii inaonyesha nafasi ya idadi ya mafaili) ni sekunde. apt-mark showhold ni sekunde, ujue kipi kimefungwa na kwa nini. Ikikuuliza faili la mipangilio lipi libaki soma, bonyeza D uone tofauti, jibu lake la kawaida ni N na linabakisha la mwenye seva. Na usipande basi kabla seva haijawashwa upya mbele ya macho yako na mtu wa kaunta akauza kitu kimoja akatoa na karatasi. Hukuweza? Sema hukuweza, mwachie mwenye seva hizo logi mtu mwingine aangalie, sio kumtisha mzee wa watu kwamba data yake imeshaondoka ili akulipe mara ya pili.

Wenye maduka na ofisi, paswedi ya root (msimamizi mkuu wa seva) iwe na ninyi. Sisi yule kijana alitaka kuondoka nayo.

Kama kuna mtu Tanga hapa au popote imemkwama sasa hivi, usizime, usifute loki, weka hapa chini mistari ya mwisho ya term.log pamoja na jibu la df -h, tutaangalia pamoja. Ankara ya ile kampuni ya kufomati bado iko kwa bosi haijalipwa, nimeipini pamoja na history.log niliyoiprinti, ule mstari wa Commandline nimeupigia kalamu nyekundu, na simu zao naona zinaita tangu asubuhi.