Chesi ya gari la spoti la kujiundia: ipite kwa macho tu, au ipimwe msokoto?

MLETA MADA

Wakuu, tujadili hili bila ushabiki. Uingereza mtu anaruhusiwa kuunda gari la spoti nyumbani kwake, chesi (fremu inayobeba gari zima) akaichora na kuichomelea mwenyewe, kisha akalipeleka kwenye ukaguzi wa gari moja moja unaoitwa IVA. Likipita linasajiliwa na kuingia barabarani. Mkaguzi anaangalia breki, usukani, taa, mahali mikanda inapofungwa, moshi na kelele. Hata kingo za nje zinazoweza kumgusa mtu lazima ziwe na mviringo usiopungua milimita 2.5. Lakini chesi yenyewe hakuna anayeisokota aone inastahimili kiasi gani. Msimamo wangu: watu waendelee kuruhusiwa, ila chesi ya mchoro mpya isipite bila kipimo cha msokoto, yaani kuona inajipinda kiasi gani ikisokotwa.

Gari nyingi za aina hii zinafuata nyayo za Lotus Seven, gari dogo la spoti la Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, la 1957: fremu ya bomba nyembamba, halafu hakuna paa la kusaidia. Mraba wa bomba nne ukiusukuma kwenye kona unalala. Ukiuwekea bomba la mshazari hausogei. Tatizo ni kwamba juu ya injini mshazari wa kudumu haukai, maana injini lazima iingie na kutoka. Pale wanapokaa watu nako hivyo hivyo. Mtu anaona chesi inalegea, anaongeza unene wa bomba, gari linakuwa zito na msokoto haupungui kama ambavyo mshazari ungeupunguza. Hapo kubadilisha springi na shokapu hakusaidii kitu, kwa sababu chesi yenyewe imegeuka springi.

Kupima hakuhitaji maabara. Nyuma unaifunga chesi imara. Mbele unaiegemeza kwenye nukta moja ya katikati, unafunga bomba nene la kukingama, kisha umbali wa mita 1 kutoka katikati unaning'iniza kilo 50. Hiyo ni nguvu ya kusokota ya takribani niutoni-mita 490. Ncha ikishuka milimita 9, chesi imejisokota kama nusu digrii, yaani ugumu wa takribani niutoni-mita 950 kwa digrii. Ongeza mshazari mmoja, pima tena, tofauti utaiona mwenyewe.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, mimi ni fundi wa kuchomelea na sikubaliani nawe. Watu wamenakili Seven miaka yote kwa bomba za mraba za milimita 25, unene 1.6, na gari zinatembea. Lotus wenyewe waliiuza vipande vipande ili mnunuzi aepuke kodi, maana ilikuwa gari ya mtu mwenye hela ya mawazo. Leteni masharti mapya muone nani ataachwa nje. Kampuni italipia cheti. Kijana mwenye mashine moja ya kuchomelea ataacha kazi njiani.

MCHANGIAJI WA PILI

Mnachanganya ugumu na uimara. Chesi inaweza isijisokote kabisa, ikakatika pale mkono wa saspensheni unapofungwa. Nimeona kishikio kimechomelewa katikati ya bomba, mbali na makutano, na ukuta wa bomba umeanza kubonyea. Mzigo unatakiwa ufikie pale bomba zinapokutana. Halafu kuna wanaopitisha grenda kwenye kila kiungo mpaka king'ae. Kinapendeza, lakini chuma kilichokuwa kinashika umeshakiondoa. Kilo zako 50 hazitaonyesha hayo.

MLETA MADA

Fundi, hoja ya gharama ni ya kweli, ndiyo maana nimesema mchoro mpya. Anayenakili fremu iliyokwisha kupimwa, bomba kwa bomba, asisumbuliwe. Lakini aliyerefusha sehemu ya injini ili aingize kubwa zaidi, hiyo si fremu ile tena.

Mchangiaji wa pili umenishawishi. Kipimo changu peke yake hakitoshi, basi tuongeze na hili: mwenye gari alete kiungo kimoja alichokichomelea kwa mkono wake, kikatwe mbele ya mkaguzi. Kikikatwa itaonekana kama chuma kimeyeyuka mpaka ndani au kimekaa juu juu. Gharama yake ni kipande cha bomba.

Kinachobaki ni mpaka. Aliyebadilisha bomba mbili tu kwenye mchoro wa zamani, amenakili au ameunda mpya? Mimi nasema akigusa bomba lolote linaloshika saspensheni au mkanda, apime upya. Wengine mnasemaje?